Wekundu wa Damu na Hewa ya Nyanda za Juu

Chukua sindano tatu zenye damu uzipange mezani katika maabara ya hospitali yoyote ya Mbeya au Iringa. Ya kwanza imevutwa kwenye ateri ya mtu mzima mwenye afya. Ya pili ni ya mtu huyohuyo, ila imetolewa kwenye vena ya mkono, pale wanapofunga mpira na kumwambia akunje ngumi. Ya tatu ni ya mtu aliyeletwa alfajiri baada ya kulala na jiko la mkaa chumbani. Sasa muulize asiyejua habari za watu hao akuambie damu ipi ni nzuri zaidi. Yumkini atachagua ya tatu. Ni nyekundu, inang'aa, haina giza hata chembe. Mwenye damu hiyo ndiye aliye karibu zaidi na kifo.

Rangi ya damu tumeipa kazi nzito kuliko uwezo wake. Tunasema damu nyekundu ni nzuri, damu nyeusi ni chafu, na tunakunywa vitu vyekundu ili damu iongezeke. Humo mna chembe ya ukweli, kwa sababu oksijeni kweli huifanya damu ing'ae. Lakini wekundu wa damu unajibu swali dogo sana: kwa wakati huu, hemoglobini imeshika nini? Hauelezi kama hemoglobini yenyewe inatosha, wala kama kilichoshikwa kitawafikia wenye kukihitaji. Katika Nyanda za Juu Kusini, penye hewa nyepesi, baridi ya mwezi wa saba, malaria ya Kyela, dhahabu ya Chunya na mkaa wa kila nyumba, tofauti kati ya maswali hayo inaweza kuwa tofauti ya mtu kupona au kufa.

Tuanze na chembe yenyewe. Chembe moja nyekundu ya damu imebeba molekuli za hemoglobini zipatazo milioni 270. Kila molekuli ina vishikio vinne, na katikati ya kila kishikio ipo atomu moja ya chuma. Ichukulie kuwa ni haisi yenye viti vinne tu: inapakia oksijeni mapafuni, inaishusha kwenye misuli, ubongo na figo, halafu inarudi kupakia tena. Oksijeni inapokaa kitini, atomu ya chuma husogea kiasi kisichofika sehemu moja ya ishirini ya nanomita, ikaingia sawasawa kwenye bapa la kishikio chake. Max Perutz alitumia zaidi ya miaka 20 huko Cambridge kuichora molekuli hii kwa miale ya eksirei, na mwaka 1962 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Kendrew.

Msogeo huo mdogo unabadilisha jinsi molekuli inavyomeza mwanga. Hemoglobini isiyo na oksijeni humeza mwanga mwekundu wa urefu wa nanomita 660 takriban mara kumi zaidi ya ile yenye oksijeni. Inayomeza sana hurudisha kidogo machoni petu, kwa hiyo tunaiona ya giza, rangi ya zambarau iliyoiva. Inayomeza kidogo huurudisha mwanga ule, nasi tunaona wekundu mkali. Hapo oksijeni haijatia rangi yoyote. Yenyewe ikiwa hewa haina rangi. Kazi yake ni kubadili mkao wa chuma, na chuma kikibadili mkao, mwanga unaorudi nao hubadilika.

Basi damu ya binadamu haiwi ya bluu hata siku moja. Vitabu vya baiolojia vya sekondari huchora ateri kwa wekundu na vena kwa bluu ili mwanafunzi asichanganye njia, na wengi humaliza shule wakiamini kwamba damu inayorudi moyoni ni ya bluu hadi iguse hewa. Ni nyekundu iliyokolea giza. Ubluu unaoonekana kwenye mishipa ya mkono wa mtu mweupe unatokana na jinsi ngozi inavyotawanya na kurudisha mwanga. Ningependa mchoro huo uwe na maelezo mafupi chini yake, kwa sababu mtu aliyeaminishwa kwamba damu isiyo na oksijeni ni ya bluu ataitafuta bluu kwa mgonjwa, na akiikosa atatulia.

Anayetaka kuyaona mabadiliko haya kwa macho yake hahitaji maabara. Aende buchani Mwanjelwa asubuhi, nyama ya ng'ombe inaposhushwa, aombe akatiwe kipande kutoka ndani ya paja. Uso mpya wa mkato huwa na rangi ya zambarau, kama nyama iliyolala. Dakika chache baadaye, bila kuoshwa wala kupakwa kitu, unageuka mwekundu. Hapo anayepokea oksijeni ni mayoglobini ya kwenye msuli, ndugu wa hemoglobini mwenye kiti kimoja badala ya vinne, lakini kanuni ni ileile. Mteja anayekataa nyama kwa sababu ndani imeonekana nyeusi anaikataa nyama ambayo haijapata hewa tu.

Jambo hili lilianza kueleweka zamani. Mwaka 1669 daktari Mwingereza Richard Lower alieleza katika kitabu chake juu ya moyo kwamba damu ya giza ya vena ikipitishwa kwenye mapafu yenye hewa safi hutoka ikiwa nyekundu, na kwamba moyo wenyewe hauhusiki na mabadiliko hayo. Oksijeni ilikuwa bado haijajulikana. Ilisubiri zaidi ya miaka 100. Kisha mwaka 1864 George Stokes alichukua myeyuko wa damu, akaiondoa oksijeni kwa kemikali, damu ikawa ya giza; akautikisa kwenye hewa, wekundu ukarudi. Mwaka huohuo Felix Hoppe-Seyler wa Ujerumani akaipa hemoglobini jina inalotumia mpaka leo.

Lakini anayetufaa zaidi sisi wa Mbeya ni Robert Mayer, daktari kijana wa Kijerumani aliyesafiri na meli ya Kiholanzi hadi Java mwaka 1840. Enzi hizo kutoa damu kulikuwa tiba. Alipowakata mabaharia vena za mkono kule Surabaya, damu ilitoka nyekundu kiasi kwamba alidhani amekata ateri kwa bahati mbaya. Alitafakari akaona kwamba katika joto mwili hauhitaji kuunguza chakula kingi ili ujipashe moto, kwa hiyo oksijeni nyingi inabaki ndani ya damu inayorudi. Wazo hilo lilimfikisha mwaka 1842 kwenye andiko lake juu ya nguvu kutopotea bali kugeuka umbo, mojawapo ya nguzo za fizikia ya leo. Leo tungeongeza sababu nyingine: kwenye joto mishipa ya ngozi hufunguka, damu hupita mkononi kwa kasi, na tishu hazipati muda wa kuchukua oksijeni nyingi.

Kutoka Kyela hadi Mbeya mjini ni mwendo wa saa chache tu, lakini kisa cha Mayer kinaweza kuonekana katika safari hiyo moja. Kyela iko karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni la kutoa jasho. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700, na usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kwenye baridi hiyo mishipa ya vidole hujibana, damu hupita polepole, na kila chembe inashusha abiria wengi kuliko kawaida. Ndiyo maana asubuhi ya baridi kucha na midomo hupiga weusi au ukijivu, na damu ya mkononi hutoka ya giza. Mapafu ni mazima, moyo ni mzima. Ukipasha mkono moto kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kadhaa, damu ya vena ya kiganja inakaribia kuwa nyekundu kama ya ateri. Muuguzi wa Mafinga au Tukuyu anayemtazama mtoto mwenye vidole vyeusi saa 12 asubuhi hana budi kutazama pia ulimi na ndani ya midomo. Weusi wa vidole peke yake unaweza kuwa ni baridi. Weusi wa ulimi ni habari ya mapafu au moyo.

Je, mwinuko wenyewe unaifanya damu ya watu wa juu kuwa nyeusi zaidi? Abiria wa basi kutoka Dar es Salaam anapita Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, halafu basi linaanza kuukwea mlima Kitonga kwa gia ndogo. Akifika Iringa yuko kwenye mita 1,600 hivi. Mafinga karibu 1,900. Na akiendelea hadi uwanda wa Kitulo atakuwa kwenye mita 2,600. Sehemu ya oksijeni katika hewa haijabadilika, ni asilimia 21 kama Kariakoo. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa yote: Mbeya kwa karibu moja ya tano, Kitulo kwa zaidi ya robo. Kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa kiwango hichohicho.

Lakini damu haipungukiwi kwa kiwango hicho. Christian Bohr wa Denmark na wenzake walionyesha mwaka 1904 kwamba hemoglobini haijazi viti vyake kwa mstari ulionyooka. Mgandamizo wa oksijeni ukiwa juu, viti karibu vyote hujaa, na ukishuka kidogo bado vinajaa. Ni mpaka ushuke sana ndipo vinaanza kubaki wazi kwa kasi. Mtu mzima mwenye afya akiwa pwani ana viti asilimia 97 au 98 vyenye oksijeni katika damu ya ateri. Mbeya atakuwa na 95 au 96, Kitulo kama 92. Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha rangi ya 97 na ya 93. Kwa hiyo damu ya ateri ya mkazi wa Mbeya na ya mkazi wa Tanga zina wekundu mmoja.

Mwinuko unaonekana kwingine, kwenye wingi wa hemoglobini. Figo zikihisi oksijeni imepungua hutoa homoni inayoamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. Ni kuongeza magari barabarani kwa sababu kila gari linarudi na kiti kimoja kitupu mara kwa mara. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hupandisha kipimo cha upungufu wa damu kadiri watu wanavyoishi juu. Mwanamke asiye mjamzito anahesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita pale usawa wa bahari. Kwa mwongozo wa mwaka 2024, anayeishi kati ya mita 1,500 na 2,000 huongezewa gramu 1.1 juu ya hizo. Mwanamke wa Iringa mwenye 12.3 anayeambiwa damu yake inatosha anapimwa kwa kipimo cha Dar es Salaam. Naliona hili kuwa jambo zito, kwa sababu ni kosa lisiloumiza siku hiyo, bali siku ya kujifungua.

Hapo ndipo tunapaswa kutenganisha mambo mawili ambayo macho huyachanganya: aina ya wekundu na ukolezo wake. Aina ya wekundu, mkali au wa giza, inasema viti vimekaliwa na nani. Ukolezo, yaani damu kuwa nzito au kupauka, unasema magari ni mangapi. Shirika la Afya Duniani liliwahi kusambaza kadi ya rangi kwa ajili ya zahanati zisizo na mashine: tone la damu linawekwa kwenye karatasi maalumu, kisha linalinganishwa na madoa mekundu yaliyopangwa kutoka lililopauka hadi lililokolea. Watu wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama nao wana njia yao ya zamani na rahisi: tone la damu ya mchangiaji linadondoshwa kwenye kimiminika cha bluu cha kopa salfeti. Likizama moja kwa moja, hemoglobini inafika gramu 12.5 na anaruhusiwa kuchangia. Likielea au likisitasita, anashauriwa kwenda kupima zaidi. Hapo wanatazama uzito wa tone, hawategemei jicho kukisia wekundu.

Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini kiko Mbeya, na damu inayokusanywa na mpango huo ni ya kwenye vena. Mfuko wa mililita 450 ukiinuliwa kwenye mwanga unaonekana mweusi kama juisi ya zambarau nzito. Ndugu wa mgonjwa wanaouona ukitundikwa huulizana kama hiyo damu si mbovu. Giza hilo peke yake si ubovu. Chembe zile zikifika kwenye mapafu ya mgonjwa zinakaa kwenye kapilari kwa muda usiofika sekunde moja, na theluthi ya muda huo inatosha kuzijaza oksijeni. Uchunguzi wa magonjwa, kundi la damu, joto la jokofu na tarehe ya mwisho ndivyo vinavyoamua usalama wa mfuko, na hakuna kati ya hivyo kinachosomeka kwa kutazama tu wekundu wake.

Tuteremke Kyela. Mtoto wa miaka miwili ameugua malaria, chembe zake nyekundu zimepasuliwa na vimelea, na hemoglobini imebaki gramu 5. Mashine ya kupima oksijeni kwenye kidole inasoma 98. Mama anaambiwa oksijeni iko vizuri. Tupige hesabu. Gramu moja ya hemoglobini iliyojaa hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Mtu mzima mwenye gramu 15 na usomaji wa 98 anabeba mililita 19.7 katika kila mililita 100 za damu. Mkazi wa Kitulo mwenye gramu 16.5 na usomaji wa 92 anabeba 20.3. Mtoto wetu, pamoja na 98 yake nzuri, anabeba 6.6. Viti vya magari yake vimejaa, lakini magari yenyewe ni theluthi ya yale ya mtu mzima mwenye gramu 15. Anapumua haraka na moyo unakwenda mbio kwa sababu ubongo na misuli vinajua ukweli ambao kidole hakiusemi.

Mtoto huyo ana hatari nyingine. Daktari wa Denmark, Christen Lundsgaard, alieleza mwaka 1919 kwamba ngozi na midomo hubadilika rangi pale hemoglobini isiyo na oksijeni inapofika kama gramu 5 katika kila desilita ya damu ya kapilari. Mtu mwenye gramu 15 anafika hapo akiwa amepungukiwa sana lakini bado yu hai. Mtoto mwenye gramu 5 kwa jumla ingebidi apoteze oksijeni yote ndipo abadilike. Hatabadilika. Atapauka viganja, ulimi na ndani ya kope, na hata nimonia ikimvamia hatatoa ile dalili ya midomo myeusi inayoandikwa vitabuni. Ningetamani kila fomu ya wodini iwe na nafasi ya hemoglobini pembeni ya nafasi ya oksijeni, kwa sababu kila moja bila mwenzake ni nusu ya habari.

Kuhusu vile vinywaji vyekundu vya kuongeza damu, rozela na bitiruti, sitachukua muda mrefu. Wekundu wa juisi ya rozela unatokana na rangi za mimea ambazo hazina uhusiano wowote na chuma. Matembele, maharage, dagaa na maini, vyote visivyo vyekundu kama juisi ile, ndivyo vinavyosaidia kujenga hemoglobini. Na kwa watu wa Mufindi na Rungwe, wanaoishi katikati ya mashamba ya chai, ni vizuri kunywa chai mbali na mlo, kwa kuwa hupunguza chuma kinachofyonzwa kutoka kwenye mboga.

Sasa ile mashine ya kidole. Ilibuniwa kwa wazo la Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974. Inapitisha mwanga wa aina mbili kwenye kidole, mmoja mwekundu wa nanomita 660 na mwingine usioonekana wa nanomita 940, kisha inalinganisha kiasi kinachomezwa kila mpigo wa moyo unapopita. Kwa maneno mengine, ni jicho linalotazama rangi ya damu, jicho kali kuliko letu, lakini bado ni jicho. Linasumbuliwa na yale yale yanayotusumbua sisi. Kidole cha baridi chenye damu kidogo hulipa mpigo dhaifu, na usomaji unayumba. Kwa hiyo katika Julai ya Mbeya mkono upashwe moto kwanza. Rangi ya kucha iondolewe. Piko nyeusi nayo inaweza kuuzuia mwanga, basi kitafutwe kidole kisichopakwa au ncha ya sikio.

Halafu kuna ngozi yetu. Mashine hizi kwa miaka mingi zilirekebishwa kwa kuwapima watu wa kujitolea ambao wengi wao walikuwa weupe. Mwezi Desemba 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo yaliyowashtua wengi. Waliwachukua wagonjwa ambao mashine iliwasoma kati ya 92 na 96, wakalinganisha na damu ya ateri iliyopimwa maabara. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 walikuwa chini ya 88 kwa kweli. Kwa weupe, asilimia 3.6. Kosa hilo lilikuwa limeshaonekana tangu mwaka 1990 katika utafiti wa Jubran na Tobin, likapita bila kelele. Januari 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa rasimu ya mwongozo inayotaka mashine zijaribiwe kwa watu wengi zaidi wenye rangi mbalimbali za ngozi. Nchi yetu inanunua mashine hizi kwa ajili ya watu ambao karibu wote ni weusi. Naamini swali la kwanza la mnunuzi, kabla ya bei, linapaswa kuwa: imejaribiwa kwa ngozi zipi?

Jicho la kibinadamu nalo linapaswa kufundishwa upya. Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya vinasema mgonjwa aliyekosa oksijeni hugeuka bluu. Kwa Mnyakyusa au Mhehe mwenye ngozi nyeusi, ubluu huo hauonekani shavuni. Unatafutwa kwenye ulimi, ufizi, utando wa ndani wa midomo na kope, viganja na nyayo, tena kwenye mwanga wa mchana, na mara nyingi huonekana kama kijivu au majivu. Balbu ya manjano ya wodi usiku huuficha. Mama mzazi, aliyezoea rangi ya mwanawe, mara nyingi huuona kabla ya yeyote, naye akisema "mwanangu amebadilika" anatoa taarifa ya kitabibu.

Mpaka hapa tumezungumzia viti vilivyojaa oksijeni na vilivyo wazi. Yapo mambo matatu ya Nyanda za Juu yanayoijaribu hesabu hiyo, na mawili kati yake huivuruga kabisa.

La kwanza liko Rungwe. Milima ile ni ya volkano, na ardhini hutoka hewa ya kaboni dayoksaidi kwa wingi kiasi kwamba kampuni ya TOL, iliyowahi kuitwa Tanzania Oxygen Limited, huivuna eneo la Kyejo kwa matumizi ya viwandani. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mabondeni na kwenye mashimo, na ndege na wanyama wadogo hukutwa wamekufa hapo. Wenzetu wa Goma na Kivu huyaita maeneo ya namna hiyo mazuku. Tarehe 21 Agosti 1986 hewa ya aina hiyo ilitoka Ziwa Nyos, Kamerun, ikaua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Anayekufa hivyo, damu yake ni ya giza: oksijeni imefukuzwa kwenye hewa anayovuta, na kaboni dayoksaidi ikizidi huilegeza oksijeni iliyobaki kwenye hemoglobini. Hapa rangi inasema kweli.

La pili liko Chunya. Wachenjuaji wa dhahabu hutumia sayanaidi kwenye matangi yao. Sumu hiyo haigusi usafiri wa oksijeni. Inaharibu kituo cha kushukia. Seli zinashindwa kuitumia oksijeni iliyoletwa mlangoni, kwa hiyo damu inarudi moyoni na mzigo wake wote, na vena zinabeba damu nyekundu karibu sawa na ateri. Mashine ya kidole inaweza kuendelea kusoma vizuri. Mtu anakufa kwa kukosa oksijeni akiwa amejaa oksijeni.

La tatu ndilo linaloua kwa kawaida zaidi, nalo ni la ile sindano ya tatu. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Makaa yakishashika na kuacha kutoa moshi, watu huamini sasa ni salama kuliingiza jiko ndani, kufunga mlango na kuziba dirisha kwa kanga ili baridi ya Mafinga au ya Uyole isipenye. Hapo ndipo hatari inapoanza. Kaboni monoksaidi hushika kiti cha hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haishuki kituoni. Mbaya zaidi, kiti kimoja kikitekwa, vile vitatu vingine navyo hukaza kushika oksijeni yake, na tishu zinanyimwa hata kile kilichobaki. Hewa nyepesi ya mwinuko inaongeza hatari, kwa kuwa oksijeni ya kushindania viti ni kidogo.

Hemoglobini iliyotekwa hivyo ni nyekundu mno. Claude Bernard alilieleza jambo hilo Ufaransa katika miaka ya 1850, baada ya kuliona kwa mbwa waliouawa kwa hewa hii. Wekundu wa ngozi unaosimuliwa vitabuni, hata hivyo, huonekana zaidi kwa marehemu kuliko kwa walio hai, na kwa ngozi nyeusi ni shida kuuona. Walio hai huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, hutapika, na miguu hulegea. Nyumba nzima ikiamka na dalili hizo, rahisi ni kufikiria malaria au chakula kibovu. Swali linalofaa kuulizwa mlangoni mwa zahanati ni: mmelala na jiko? Nani hajambo? Mara nyingi asiyeumwa ni yule aliyelala chumba kingine.

Mashine ya kidole ya kawaida ina mianga miwili tu, na kwa mwanga wake mwekundu kaboni monoksaidi iliyoshikwa inafanana na oksijeni. Inaweza kuandika 98 au 99 kwa mtu ambaye nusu ya viti vyake vimetekwa. Ipo mashine ya maabara inayotumia mianga mingi zaidi na inayoweza kutenganisha, lakini si kitu cha kukutwa kwenye kila kituo cha afya. Kwa hiyo uamuzi unafuata maelezo ya jiko, si namba. Mgonjwa atolewe nje, chumba kifunguliwe, jiko lizimwe. Akivuta hewa ya kawaida, inachukua saa 4 hadi 6 kwa sumu iliyo kwenye damu kupungua kwa nusu. Akivuta oksijeni safi kwa barakoa iliyobana vizuri, muda huo unashuka hadi kama saa moja na nusu au pungufu. Mtungi wa oksijeni ufunguliwe kwa ajili yake hata kama kidole kinasoma 99, na uendelee hadi kichwa kiache kuuma na akili itulie. Mjamzito aendelee nao muda mrefu zaidi, kwa sababu damu ya mtoto tumboni huiachia hewa hiyo polepole kuliko ya mama.